Mjomba Agustini

Kusini mwa Chile kila mtoto anajua
kwamba chinkoli, kijindege cha kishungi
na ukosi wa rangi ya kutu,
ana swali moja tu, tangu ndani ya yai:
Mmemwona, mmemwona mjomba Agustini?
Miluzi mitatu minne, halafu mtetemo wa mwisho,
kama njegere kavu zikimwagwa kwenye sinia la bati.

Ndivyo wanavyouliza Osorno, upande wa bara,
juu ya nyaya za simu nyuma ya kiwanda cha maziwa.
Nilifunga jibini pale miaka sita.
Kila alfajiri niliulizwa, kila alfajiri nikajibu:
Sijamwona, bwana. Jaribu stendi ya mabasi.

Kisha nikarudi Chiloe.
Mkondo wa Chacao ni nusu saa kwa feri,
supu haijapoa kwenye chupa umeshafika.
Asubuhi ya kwanza, pembeni mwa viazi vya mama,
chinkoli alitua kwenye mtofaa, akauliza:
Mmemwona, mjomba
akanyamaza.
Nikangoja njegere.
Mama akaniangalia, jembe mkononi:
"Ameshamaliza. Wewe unangoja nini?"

Mwezi wa Oktoba akaja Fresia, kutoka Valdivia,
na kinasa sauti chenye sikio pana kama ungo.
Nilimbebea betri, kwa malipo ya siku.
Alisema kinda husikiliza baba, husikiliza jirani,
hujaribu, hukosea, hujaribu tena.
Labda waliovuka maji walikuwa wachache.
Labda mmoja wao hakuwahi kuujua mwisho wa wimbo
na hakukuwa na mkubwa wa kumsahihisha,
kosa likarithiwa, likawa adabu.
Na ng'ambo ya kilima kile, akasema, labda ni vingine kabisa.
Alisema labda mara nyingi. Nilimpendea hilo.

Tukaweka spika chini ya mtofaa.
Kwanza sauti ya jirani, wa shamba la akina Levicoy:
chinkoli wetu akashuka kifua mbele,
akadonoa kitambaa cha spika, akakizunguka,
akakitukana kwa lugha yake fupi.
Kisha sauti ya Osorno, nzima, na njegere zake zote.
Akainamisha kichwa upande mmoja.
Akajikuna jicho kwa ukucha.
Akaenda zake kuokota mbegu za nyasi.
Fresia akaandika sifuri kwenye daftari,
sifuri nadhifu, ya duara.

Jumapili hiyo Nibaldo akapiga simu kutoka Kalama,
jangwani, kwenye mgodi wa shaba,
mwaka wa kumi na nne wa kuendesha malori
yenye magurudumu marefu kuliko nyumba yetu.
Mama akashika simu kwa mikono miwili.
Akasikiliza.
Akainamisha kichwa upande mmoja.
"Samahani, bwana," akasema kwa upole, "unamtafuta nani?"

Nilisikia kimya kikivuka Chile nzima.
"Mama. Ni mimi."
Basi wakacheka, wote wawili, kupita kiasi.
Akamuuliza kama anapata viazi vya maana,
akamwambia nguruwe amezaa saba,
akafuta simu kwa aproni kabla ya kuirudisha mezani
kana kwamba ilikuwa na vumbi la huko.
Sikusema neno. Kile kichwa,
ile pembe ya shingo, nilikuwa nimeiona Alhamisi.

Fresia ameondoka na kanda zake.
Mimi bado nina ugonjwa wa bara:
ndege akinyamaza, midomo yangu inamalizia,
trrrrr, njegere kwenye bati,
na hakuna anayegeuka.

Leo mama anamenya viazi kizingitini.
Mmemwona, mjomba
"Yuko Kalama," anajibu, macho kwenye kisu.
"Anasema kuna joto."